TEKNOLOJIA: Milio ya kiendeshi cha disketi na maana yake

DALILI ya mvua ni mawingu, na dalili ya disketi kuharibika aghalabu ni mlio.

Tarakilishi kuukuu zingali zimehifadhiwa katika shule, afisi na nyumba nyingi. Kando yake, katika visanduku vya plastiki, kuna disketi zilizobeba mambo ambayo pengine hayapo mahali pengine popote: daftari la wanachama wa ushirika, rasimu ya tasnifu, hesabu za duka la miaka ya 1990, barua za mzazi aliyekwisha kufariki.

Siku mtu anapoamua kuzisoma, tarakilishi huwashwa, disketi ikatiwa, na kiendeshi kikatoa mlio asioutarajia. Hapo wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Kuna wanaoogopa mlio wa kawaida na kumkimbilia fundi bila sababu. Kuna na wanaopuuza mlio wa hatari, wakijaribu tena na tena hadi utando wa disketi unakwanguka.

Kosa la pili ndilo ghali. Kiendeshi kikifa, kitapatikana kingine. Kilichoandikwa kwenye utando uliokwanguka hakirudi.

Ndiyo sababu inafaa kujua kila mlio unatoka wapi, upi uachwe uendelee na upi umfanye mtu aondoe disketi papo hapo.

KINACHOLIA NI NINI?

Disketi ya kwanza iliuzwa na kampuni ya Marekani ya IBM mwaka wa 1971, nayo ilikuwa na upana wa inchi 8. Mwaka wa 1976 kampuni ya Shugart Associates ilileta ya inchi 5.25, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony ya Japani ikaleta ya inchi 3.5 yenye kasha gumu. Hii ya mwisho ndiyo iliyoenea zaidi, hasa ile ya megabaiti 1.44 iliyoingia sokoni mwaka wa 1987.

Ndani ya kasha hilo mna kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa utando wa sumaku, nacho kimezungukwa na kitambaa laini cha kufuta vumbi. Kiendeshi chenyewe kina mota mbili, na karibu kila sauti tutakayoitaja hapa inatokana na mojawapo.

Mota ya kwanza huzungusha kisahani mara 300 kwa dakika, yaani mizunguko 5 kila sekunde. Sauti yake ni mvumo wa chini, pamoja na mnong'ono wa kitambaa kikipangusa kisahani.

Mota ya pili husogeza vichwa vya kusomea, kimoja juu ya kisahani na kingine chini yake. Haivitelezeshi bali huvisukuma hatua kwa hatua, kutoka njia moja hadi nyingine. Disketi ya megabaiti 1.44 ina njia 80 kila upande, na kutoka njia moja hadi ya pili ni takriban moja ya tano ya milimita. Kila hatua ni mdundo mdogo. Hatua zikifuatana upesi, hadi moja kila milisekunde 3, midundo hiyo huungana ikawa sauti moja yenye kimo, kama uzi wa gambusi unapopigwa.

Anayetilia shaka jambo hili na amtazame mhandisi wa Poland, Paweł Zadrożniak, ambaye mwaka wa 2016 alijulikana duniani kwa mtambo wake uitwao Floppotron. Mtambo huo hupiga muziki kwa kuziamuru mota za hatua za viendeshi vya disketi ziende kwa kasi mbalimbali. Toleo alilolionyesha mwaka wa 2022 lilikuwa na viendeshi 512. Vyote vilikuwa vikilia, na hakuna aliyesema vimeharibika.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini cha hatari yote. Katika diski kuu ya tarakilishi, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa. Katika disketi, vichwa hugusa. Vinabanwa juu ya utando wa sumaku na kuusugua muda wote kisahani kinapozunguka. Chembe yoyote ngumu ikinaswa kati yao hugeuka msasa.

MILIO YA KAWAIDA

Ule mkoromo mfupi unaosikika mara tu tarakilishi inapowashwa, hata pasipo disketi ndani, ni wa kawaida. Programu ya awali iliyo kwenye ubao mkuu, maarufu kama BIOS, huamuru vichwa viende ndani kisha virudi njia sifuri, ili ijue kama kiendeshi ni cha njia 40 au 80. Anayekerwa nao anaweza kuingia katika mipangilio ya BIOS, atafute mstari wenye maneno Floppy Seek, na kuuzima. Kiendeshi kitaendelea kufanya kazi vilevile.

Kadhalika, mvumo unaoendelea kwa takriban sekunde 2 baada ya kazi kwisha si kasoro. Tarakilishi huiacha mota izunguke kidogo endapo itahitajika tena, kwa kuwa kuianzisha upya huchukua muda.

Waliotumia tarakilishi ya Amiga, iliyotolewa na Commodore mwaka wa 1985, watakumbuka ule mdundo wa tik, tik, tik usiokoma kila baada ya muda mfupi. Debe tupu haliachi kuvuma, na kiendeshi kitupu cha Amiga hakiachi kutika. Mtambo huo hauwezi kujua kama disketi imetiwa mpaka usogeze vichwa hatua moja, basi husogeza na kuuliza, husogeza na kuuliza. Disketi ikiingia, unanyamaza. Kulikuwa hata na programu ndogo za kuzima mdundo huo kwa ajili ya wale waliokosa usingizi.

Mitambo mingine ya zamani ilitisha zaidi. Kiendeshi cha Disk II cha kampuni ya Apple, kilichotoka mwaka wa 1978, na kile cha Commodore 1541 cha mwaka wa 1982, havina kitambuzi cha kueleza vichwa vimefika njia sifuri. Dawa waliyoitumia wabunifu ni ya kibabe: vichwa huamriwa virudi nyuma hatua nyingi kupita zilizopo, vikagonga kizuizi na kuendelea kukigonga mpaka hesabu iishe. Ule mtatariko kama wa bunduki ya kuchezea ndio salamu yao ya asubuhi.

Hata hivyo, mlio wa kawaida si lazima uwe mlio usiodhuru. Katika 1541, mgongano huo ukirudiwa mno uliweza kuvisogeza vichwa kutoka mahali pake, na michezo iliyolindwa kwa makosa ya makusudi ndani ya disketi iliuzidisha. Ukiwa na kiendeshi cha namna hiyo, kiache kigonge kinapowashwa, lakini usikilazimishe kusoma disketi mbovu kwa saa nzima.

Kuna pia kiendeshi kinachoamka chenyewe bila kuagizwa. Katika tarakilishi zilizotumia matoleo ya Windows ya miaka ya 1990 na 2000, chanzo huwa programu, si chuma. Faili iliyofunguliwa wiki iliyopita kutoka kwenye disketi hubaki katika orodha ya faili za karibuni, nayo Windows huenda kuitafuta huko ilikokuwa. Njia ya mkato iliyowekwa kwenye skrini hufanya vivyo hivyo. Programu nyingi za kuzuia virusi nazo hukagua kiendeshi cha A wakati tarakilishi inapozimwa. Futa orodha hiyo, ondoa njia ya mkato, badilisha mpangilio wa programu ya virusi, na kiendeshi kitatulia.

MILIO YA HATARI

Wa kwanza, na mbaya kuliko yote, ni mkwaruzo: mlio mwembamba mkali, kama ukucha juu ya ubao wa darasani, unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa kisahani. Huu hauhitaji uchunguzi kwanza. Bonyeza kitufe, toa disketi, kisha ndipo uanze kuuliza maswali.

Isogeze kando ile bamba ya chuma inayofunika dirisha la disketi, ukizungushe kisahani taratibu kwa kidole kupitia kitovu cha chuma upande wa chini, na utazame uso wake chini ya mwanga. Utando mzima huwa na rangi moja ya kahawia au nyeusi. Ukiona pete inayong'aa, au mstari unaopitisha mwanga, hapo utando umekwanguliwa. Ukiona madoa meupe kama unga, hiyo ni kuvu.

Kuvu ndiyo adui mkubwa wa disketi katika nchi za joto na unyevu. Wakazi wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaijua kwa jinsi inavyokula vitabu na lenzi za kamera, na disketi iliyokaa miaka mingi kabatini haisalimiki. Bara tatizo huwa zaidi vumbi. Vyote viwili hulia namna moja vinapopita chini ya kichwa.

Sasa lifuatalo ndilo lililowapotezea wengi kumbukumbu zao. Disketi ya kwanza ikikwaruza, mtu huitoa, akasema hiyo imekufa, akatia ya pili. Lakini kile kilichobanduka katika ya kwanza kimebaki juu ya kichwa cha kusomea. Ya pili nayo inakwaruzwa. Akatia ya tatu. Kwa muda wa dakika kumi sanduku zima linaweza kuharibiwa na mtu aliyekuwa na nia njema ya kuliokoa.

Kanuni ni moja tu: baada ya mkwaruzo, hakuna disketi ya thamani inayoingia mpaka vichwa visafishwe na kujaribiwa kwa disketi isiyo na kazi.

Msiba wa namna hii uliwahi kuikumba bidhaa nzima. Kampuni ya Iomega ilianza kuuza viendeshi vyake vya Zip katikati ya miaka ya 1990, na baada ya muda wateja wakaanza kusikia mdundo mkali uliobandikwa jina la tiki ya kifo. Kichwa kilichoharibika kiliweza kuichana diski ukingoni, na diski iliyochanika ikitiwa katika kiendeshi kingine kizima, ikakiharibu nacho pia. Ugonjwa ukahama kutoka meza hadi meza. Mwaka wa 1998 wateja waliishtaki kampuni hiyo mahakamani nchini Marekani kwa pamoja.

Mlio wa pili wa kuangaliwa ni kwikwi. Kiendeshi husoma vizuri, kisha husita, vichwa vikakimbia hadi njia sifuri na kurejea palepale, vikakimbia tena na kurejea. Mwishowe skrini hutoa ujumbe kwamba imeshindwa kusoma. Hapa kiendeshi kinatii amri tu. Ni tarakilishi inayokiamuru kijaribu tena kwa kuwa imekosa kuelewa kilichoandikwa mahali fulani. Mara mbili tatu si neno. Ukiacha iendelee kwa nusu saa, utakuwa unasugua sehemu ile ile iliyo dhaifu.

Kwikwi inaweza kutokana na utando uliochoka au kichwa kichafu. Yamkini pia disketi haina ubovu wowote, ila iliandikwa na kiendeshi ambacho vichwa vyake vilikuwa vimepotoka kidogo. Kiendeshi kama hicho huandika njia zake kando ya mahali panapostahili, na chenyewe huzisoma bila shida, lakini vingine vyote havizioni. Kwa hivyo usiitupe tarakilishi iliyoziandika disketi hizo kabla hujazisoma, hata kama inaonekana haifai kitu. Huenda ndiyo pekee inayoelewa mwandiko wake.

Tatu, kugonga kwa nguvu katika tarakilishi ya kawaida yenye kiendeshi cha inchi 3.5. Viendeshi hivi vina kitambuzi cha njia sifuri, ambacho kwa kawaida hutumia mwali mdogo unaokatizwa na kijiti kilichoshikamana na vichwa. Kikiziba kwa vumbi au kikifa, tarakilishi haipati habari kwamba vichwa vimefika, nayo huendelea kuvisukuma dhidi ya kizuizi. Kupuliza vumbi kwa hewa ya kopo mara nyingine hutosha.

Nne, mkoromo wa kukereza, vichwa vikijivuta kwa taabu au kukwama katikati ya safari. Mota ya hatua katika viendeshi vingi huzungusha parafujo ndefu ambayo ndiyo inayovipeleka na kuvirudisha vichwa. Parafujo hiyo ilipakwa grisi kiwandani. Baada ya miaka ishirini au thelathini grisi hukauka ikawa kama gundi. Hili ni tatizo la kufurahia, kwa maana tiba yake ni rahisi kuliko zote na disketi haijaguswa.

Viendeshi vya zamani zaidi huzungusha kisahani kwa mkanda wa mpira. Tarakilishi za Amstrad za miaka ya 1980, zilizotumia disketi za inchi 3, zinajulikana kwa hili. Mkanda hulegea, mvumo ukawa wa kupanda na kushuka, kisha siku moja ukakoma kabisa kwa sababu mpira umeyeyuka na kuwa mfano wa lami. Mkanda mpya ndio dawa, baada ya kuifuta lami yote.

Mlio wa chuma kukwangua chuma wakati wa kutia au kutoa disketi ni suala jingine. Chanzo chake huwa ile bamba ya dirisha iliyopinda, au kibandiko cha jina kilichobanduka, au springi ndogo ya bamba iliyochomoka na kubaki ndani. Disketi ikikwama, usiivute kwa koleo. Bamba iliyopinda inaweza kukinasa kichwa cha juu na kuking'oa. Zima umeme, toa kiendeshi, fungua kifuniko chake, kisha uinyooshe bamba kwa kibisibisi chembamba huku disketi ikiwa palepale.

Na ikiwa kelele imeanza mara baada ya mtu kuifungua tarakilishi, taa ya kiendeshi ikawaka bila kuzima na mota ikazunguka bila kukoma, basi utepe wa nyaya umechomekwa kinyume. Utepe huo una nyaya 34, na ukingo wenye mstari mwekundu unapaswa kuelekea pini ya kwanza. Usitie disketi ya thamani katika hali hiyo. Ile plagi ndogo ya umeme yenye pini 4 nayo itazamwe vyema, kwani ikipishana kwa pini moja, umeme unaweza kuingia mahali pasipostahili na kuunguza kiendeshi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni kiendeshi cha disketi kinacholia. Masikio hudanganyika ndani ya sanduku la chuma. Zungusha gazeti liwe bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine uitembeze mbele ya mtambo. Mara nyingi mlio wa kukereza hutoka kwenye feni ya kasha la umeme. Ukigundua kwamba kinachodunda ni diski kuu, zima tarakilishi mara moja, kwa kuwa hapo kilicho hatarini si disketi moja bali kila kitu kilichomo.

KUSAFISHA

Chomoa waya wa umeme ukutani. Gusa chuma cha kasha la tarakilishi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Toa kiendeshi, kisha ondoa kifuniko chake cha bati, ambacho kwa kawaida hushikiliwa na parafujo chache au vishikizo vya pembeni.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini au hewa ya kopo. Usipulize kwa mdomo, kwani mate husafiri pamoja na pumzi.

Vichwa husafishwa kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, ikitiwa kidogo kwenye kijiti cha pamba iliyoshikana. Ile spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala mzuri, kwa kuwa baadhi ya aina zake huchanganywa na mafuta ambayo hubaki juu ya kichwa. Kichwa cha juu kinashikiliwa na bamba jembamba mno, kwa hivyo kiinue kiasi cha kupitisha pamba tu. Anayekiinua kama kifuniko cha sufuria atakipinda, na hakuna fundi atakayekirudisha. Futa taratibu, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe, halafu acha kwa dakika kadhaa pakauke.

Parafujo ndefu ifutwe kwa alkoholi hiyo hiyo mpaka grisi ya zamani itoke yote. Kisha pakaza grisi nyepesi ya lithiamu au silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti na si zaidi. Mafuta ya kupuliza yanayotumiwa kwa bawaba za milango hayafai kabisa. Hutapakaa, yakafika kwenye vichwa, na kutoka hapo hadi kwenye disketi.

Kuna parafujo mbili tatu zinazoishikilia mota ya hatua kwenye fremu, na mara nyingi zimetiwa tone la rangi. Hizo zisiguswe. Ndizo zinazoshikilia mlingano wa vichwa, na kuzirudisha sawasawa kunahitaji vifaa ambavyo hata karakana nyingi hazina.

Zile disketi za kusafishia zilizouzwa madukani ni za aina mbili. Za majimaji hazina ubaya zikitumiwa kwa kiasi. Zile kavu husugua kama msasa na zinapunguza maisha ya kichwa kila zinapotumiwa. Kwa maoni yangu kijiti cha pamba kinazishinda zote, maana unaona unachokifuta.

OKOA KILICHOANDIKWA KWANZA

Mtu aliyefika hapa, kiendeshi chake kikiwa safi na kimenyamaza, hujawa na hamu ya kutia ile disketi anayoililia. Angojee kidogo. Aanze na ile asiyoijali, aisome yote, aitoe na kuutazama uso wake. Pasipo na mkwaruzo mpya, aendelee na yenye thamani ndogo, na ile ya thamani kuu iwe ya mwisho.

Kila disketi izuiwe isiandikwe kabla haijaingia. Kwa ile ya inchi 3.5, sogeza kile kibamba kidogo cha pembeni hadi tundu lionekane wazi. Kwa ile ya inchi 5.25 mambo ni kinyume: pengo lililo ubavuni likiwa wazi linaruhusu kuandika, na huzibwa kwa kibandiko ili kulinda. Wengi wamechanganya haya mawili.

Windows ikikuambia kwamba disketi haijaandaliwa na kukuuliza kama uiandae, kataa. Swali hilo huulizwa hata pale ambapo yaliyomo yangali mazima na ni kichwa tu kilichoshindwa kuyaona. Kukubali ni kuyafuta.

Badala ya kufungua faili moja moja moja kwa moja kutoka kwenye disketi, nakili disketi nzima kama ilivyo, njia kwa njia, iwe faili moja ndani ya tarakilishi. Kisha fanya kazi zako zote kwa nakala hiyo. Namna hii vichwa vinapita juu ya utando mara moja tu. Zipo programu, kama vile ddrescue, ambazo husoma kwanza sehemu zilizo nzima na kuziacha zenye matatizo mwisho, na hilo ndilo linalotakikana.

Tarakilishi za siku hizi hazina nafasi ya kiendeshi cha ndani, lakini vipo viendeshi vya nje vya kuchomekwa kwenye USB. Hivyo husoma disketi za kawaida za inchi 3.5. Havisomi za Amiga, wala za inchi 5.25. Kwa hizo, mafundi hutumia kiendeshi halisi cha zamani pamoja na vibao vya kisasa kama KryoFlux na Greaseweazle, ambavyo hunasa mabadiliko ya sumaku yenyewe na kuiachia programu kazi ya kuyafasiri baadaye.

Kazi hiyo si ya ndoto. Mwaka wa 2012 Jordan Mechner, mtunzi wa mchezo wa Prince of Persia wa mwaka wa 1989, alipata disketi zenye maandishi asilia ya programu yake baada ya babake kuliona sanduku lililosahaulika, na wataalamu wakafaulu kuzisoma. Mwaka wa 2014 ilitangazwa kwamba wanachama wa klabu ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wameokoa picha ambazo msanii Andy Warhol alizichora kwa Amiga mwaka wa 1985. Disketi hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika makavazi yenye jina lake mjini Pittsburgh, na picha zilizokuwamo hazikuwa zimeonekana kwa miaka mingi.

Wala haya si mambo ya wapenda vitu vya kale pekee. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia disketi za inchi 8 katika mfumo wa mawasiliano wa silaha za nyuklia hadi mwaka wa 2019, na Japani ilifuta tu mwaka wa 2024 kanuni zilizowataka watu kuwasilisha stakabadhi kwa disketi. Sony ilikoma kuuza disketi nchini humo mwaka wa 2011, kwa hivyo atafutaye kiendeshi au disketi tupu za kujaribia leo hutegemea zilizotumika au zilizobaki maghalani. Ukikipata kiendeshi katika duka la vyuma vikuukuu, kisafishe kwanza na ukijaribu kwa disketi ya kutupwa, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni kizima.

Nakala zikishapatikana, ziwekwe mahali pawili tofauti, mathalani moja katika diski ya nje na nyingine katika hifadhi ya mtandaoni. Disketi zenyewe zisitupwe bado. Zirejeshwe kwenye kisanduku kikavu, zisimame wima, mbali na spika za redio na sumaku nyinginezo, na ile iliyokwaruza iwekewe alama ya kalamu ili asije mtu akaitia tena katika kiendeshi kilichokwisha kusafishwa.